Ndege Aliyevalishwa Hedfoni

Kwenye jengo la idara ya maji, wafanyakazi wengi wa ghorofa za juu hawakuijua sura yake, lakini hakuna asiyeijua sauti yake. Yeye ndiye aliyepokea simu zote kutoka nje na kuzipeleka kwenye ofisi za ndani, na katikati ya kupokea na kupeleka yalikuwapo maneno mawili aliyoyasema tangu asubuhi mpaka jioni: "Subiri kidogo." Jina likamganda. Wakubwa walimwita Bi Subiri, madereva walimwita Bi Subiri, na hata mdogo wake wa tumbo moja, wakigombana nyumbani, humwita hivyo hivyo.

Alikuwa haoni. Macho yalimwishia utotoni, taratibu, mwaka hadi mwaka, na rangi zikamtoka moja moja kichwani. "Nyekundu naikumbuka," hupenda kusema. "Kijani kimeshanitoroka." Chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya ngazi, na humo alijua kila kitu: mlango uliokwaruza sakafu, kiti kilicholegea mguu mmoja, upepo uliopenya dirishani ukileta harufu ya karatasi mbichi kutoka mashine ya kunakili. Aliwajua watu kwa nyayo. Mhasibu mkuu alishuka ngazi kama gunia la viazi, na yeye alimwambia hivyo usoni, na mhasibu akacheka mpaka akakohoa.

Mezani kwake palikuwa na kompyuta iliyozungumza. Iliwezeshwa na programu moja iitwayo Chiriku, ambayo kazi yake ni kusoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Chiriku haikuuzwa. Iliandikwa na watu wa kujitolea katika nchi mbalimbali, na leseni yake ilimruhusu mtu yeyote kuichukua, kuifungua ndani, kuirekebisha na kuwagawia wenzake. Wanaojua mambo hayo huziita programu za namna hiyo programu huria. Bi Subiri aliiita mwenzangu.

Mambo yalianza ofisi ilipoleta kompyuta mpya. Chiriku ya zamani ikaondoka na kompyuta ya zamani, na kuiweka upya ikawa mtihani. Kile kisakinishi, yaani ile programu ndogo inayoiweka kubwa mahali pake, kilikuwa bubu. Kiliuliza maswali kwa maandishi, na mpaka yajibiwe yote, Chiriku haikufungua mdomo. Ilibidi amsubiri karani mwenye macho, na karani alikuwa na kazi zake. Bi Subiri akashinda siku kadhaa mbele ya mashine kimya, akiuhifadhi ujumbe wa simu za watu kichwani.

"Yaani hii ni dawa ya kikohozi," alimwambia shemeji yake jioni moja, "imewekwa kwenye chupa isiyofunguka mpaka uache kukohoa."

Shemeji huyu alikuwa mume wa mdogo wake, fundi wa kompyuta mwenye kibanda chake karibu na kituo cha mabasi. Mtu wa mikono myepesi na maneno mengi, mwema kupita kiasi, na mwenye haraka kupita wema wake. Waliishi nyumba moja. Bi Subiri alikuwa na chumba cha uani.

"Shemeji, hiyo si kazi," alisema. "Nipe wiki moja tu."

Wiki moja ikazaa miezi. Lakini walikitengeneza, kisakinishi kinachozungumza. Fundi aliandika sehemu za ndani, Bi Subiri akapanga maneno, na watu wasioona waliokutana kwenye kikundi chao cha mtandaoni wakaleta masahihisho. Maana Chiriku ilikuwa na ugonjwa mwingine: Kiswahili kiliipiga chenga. Ng'ombe aliitwa "ngo-mbe," mtu akawa "em-tu," na ujumbe kutoka kwa mama mkwe ulisomwa kwa namna ambayo mkwe mwenyewe angeusikia, ndoa ingevunjika. Kikundi kikakusanya maneno yaliyoharibiwa, fundi akafungua Chiriku ndani na kuirekebisha matamshi.

Sauti ya kisakinishi ilikuwa ya Bi Subiri mwenyewe. Walimrekodi chumbani kwake, amejifunika blanketi ili mwangwi usiingie, mdogo wake akiwa mlangoni anawafukuza kuku. "Karibu," sauti ilisema. "Usiwe na wasiwasi, huwezi kuharibu kitu. Bonyeza kile kitufe kikubwa cha mkono wa kulia, ambacho kidole kidogo hukifikia chenyewe. Vizuri. Sasa subiri kidogo."

Kisakinishi kikasambaa. Watu walimwandikia kutoka miji ambayo hakuwahi kuifikia. Mkandaji mmoja wa misuli alimwambia ndiyo mara ya kwanza maishani mwake kuweka programu kwenye kompyuta bila kumwita mtoto wa jirani. Bi Subiri alisikia maneno yale mara tatu nne, akazima kompyuta, akakaa tu.

Barua ya taasisi ilimkuta kazini, saa ya chakula, simu zikiwa zimepoa. Ilitoka kwenye taasisi ndogo inayoisimamia Chiriku, nayo ikasomwa na Chiriku yenyewe, kwa sauti ile ile isiyo na furaha wala hasira. Taasisi iliwashukuru kwa kazi yao. Kisha ikasema kwamba leseni inawaruhusu kuichukua programu na kuibadilisha, lakini leseni hiyo haigawi jina. Jina la Chiriku na picha ya ndege wake vimesajiliwa kuwa alama ya biashara, na anayetaka kuvitumia sharti aombe ruhusa. Wao hawakuomba. Tena programu iliyomo ndani imebadilishwa bila mtumiaji kuambiwa. Tena maandishi ya leseni, ambayo sharti yasafiri pamoja na kila nakala, hayamo. "Na vilevile," ilimalizia, "tunawaomba mwache kutumia picha ya ndege wetu akiwa amevalishwa hedfoni."

Bi Subiri alirudisha nyuma, akasikiliza tena mwisho ule. Amevalishwa hedfoni.

Jioni alimfuata shemeji akiwa ananawa mikono.

"Shemeji, ndege gani anavaa hedfoni?"

Maji yaliendelea kumwagika, kisha yakakoma.

"Aa, hiyo," fundi akasema. "Ni picha tu, shemeji. Niliona yule ndege wao kapooza, nikamchangamsha kidogo. Ili watu wajue hii ni yetu."

"Mimi si mmoja wa hao watu?"

Mdogo wake alikuwa akimenya viazi; kisu kilisimama. "Mimi nilidhani unajua, dada," akasema. "Kila mtu ameiona. Hata kibandani kwake ameibandika mlangoni."

"Kila mtu," Bi Subiri alirudia.

"Sikuwa na nia mbaya," fundi akasema.

"Najua huna. Ungekuwa nayo ningejua la kukufanya. Na ukurasa wa leseni je?"

Fundi akakohoa. Ulikuwa mrefu mno, alisema, watu wangechoka kuusikiliza, akautoa.

Bi Subiri hakupaza sauti, na wanaomjua wanasema hapo ndipo pa kumwogopa. "Kazi ile ina sauti yangu," alisema. "Watu wanaipokea kwa sababu yangu. Kumbe imevaa nguo nisizozijua, na imetolewa kitu nisichoambiwa. Nyie wenye macho mmekaa mnaitazama miezi yote hii. Kuniambia kuna gharama gani?"

Alikula chumbani kwake siku ile, na hakula sana.

Hata hivyo hasira yake kwa taasisi ilikuwa kubwa kuliko ile ya shemeji. Kwenye kikundi, wengi walikuwa na hasira hiyo hiyo. Hawa si ndio waliotuachia kisakinishi bubu? Programu si huria? Uhuru gani huu wenye mlinzi mlangoni? Mmoja alishauri barua isijibiwe kabisa. Mwingine akasema wabadilishe jina siku hiyo hiyo, waiite Subiri, wamalizane nao.

"Programu inayoitwa Subiri," aliwajibu, "nani ataitaka?" Wakacheka, na mazungumzo yakaishia hapo bila uamuzi.

Aliyembadili mawazo alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke asiyeona kama yeye, waliyefahamiana kwa simu tu. Alipiga ofisini asubuhi, na kwa mara ya kwanza hakumsalimu.

"Bi Subiri, nimekukosea nini?"

"Kulikoni, mwalimu?"

"Kompyuta yangu inapiga kelele za kamari. Jana nina wageni sebuleni, mashine inatangaza bahati nasibu kwa sauti ya juu, siwezi kuizima. Nikiandika barua inakatiza katikati inaniambia nibonyeze nishinde. Nimeaibika mama wewe. Na ni wewe uliyeniwekea."

"Mimi?"

"Nilitafuta Chiriku. Ikaja Chiriku. Nikaifungua, nikakusikia wewe mwenyewe: karibu, usiwe na wasiwasi, huwezi kuharibu kitu. Nikasema, aa, huyu ni Bi Subiri, niko nyumbani."

Bi Subiri aliomba aelekezwe ilikotoka. Mchana huo fundi akaitazama. Mtu fulani, wasiyemjua na ambaye hawakuja kumjua, alikuwa amekichukua kisakinishi chao chote kama kilivyo, akapachika matangazo ndani yake, akakirusha mtandaoni kwa jina lile lile, na ndege yule yule mwenye hedfoni. Sauti ya Bi Subiri hakuigusa. Ilimfaa ilivyo.

Kwa siku mbili alifanya kazi kama mtu mwenye homa. Alijisikia kama mtu aliyesikia mwizi amepita mtaani amevaa nguo zake, akibisha hodi nyumba kwa nyumba, akifunguliwa. Aliendelea kumfikiria mwalimu. Mwenye macho akitilia shaka kitu atatazama picha, atatazama anwani juu ya ukurasa, atasita. Mwalimu yule hakuwa na picha ya kutazama. Alikuwa na jina, na sauti. Akashika vyote viwili, na vyote viwili vikamwangusha. Na lile jina yeye Bi Subiri alikuwa amelitumia miezi yote bila kuuliza lina mwenyewe, sawa na yule wa kamari, ingawa nia zao zilikuwa mbalimbali. Kwa mwalimu pale sebuleni, nia ingeonekanaje?

Aliamua kuomba ruhusa. Hapo nusura acheke. Fomu ya maombi, kwenye ukurasa wa taasisi, ilimalizikia kwa picha yenye herufi zilizopindapinda ambazo mwombaji alitakiwa kuzinakili ili kuthibitisha kuwa ni binadamu. Chiriku ikasoma: "Picha. Picha. Tuma." Basi.

"Nikusomee, shemeji?" fundi aliuliza kwa sauti ya chini. Tangu siku ile ya viazi alikuwa akitembea mle ndani kama mtu aliyevunja chungu.

"Acha. Hiki nakiweza kwa njia yangu."

Njia yake ilikuwa simu. Aliomba ruhusa ya mkuu wake, akatafuta namba ya taasisi, akapita kwa mashine ya kujibu, akapita kwa kijana asiyejua lolote, akapita kwa mtu aliyejua kidogo, kwa ufundi wa mtu aliyeishi miaka upande wa pili wa mazungumzo kama hayo. Mwishoni akampata mwanasheria wao, mwanamke mwenye sauti ya umri mdogo, aliyejitolea kwao siku chache kwa mwezi. Naye kwa bahati alizungumza Kiswahili.

Bi Subiri alijieleza. Alianza na fomu.

"Mama," mwanasheria alisema, "fomu hiyo ipo muda mrefu. Hakuna aliyetuambia."

"Wangewaambiaje? Wangejaza fomu?"

Mwanasheria akacheka, kicheko cha mtu aliyeshikwa pabaya, akaomba radhi. Kisha akamweleza kwa utulivu, naye Bi Subiri akasikiliza kwa sababu msichana yule alijua kazi yake. Programu ni kama unga, alisema: yeyote achukue, asage upya, achanganye, agawe. Lakini mfuko wenye chapa unamwambia mpokeaji nani ameusaga na kuna nini ndani. Taasisi ikiacha chapa itumiwe na kila mtu, siku atakapotokea mtu kama yule wa kamari, haitakuwa na nguvu ya kumwambia avue.

"Mmeshamwona?" Bi Subiri aliuliza.

"Tumeshaandika kwa wenye tovuti. Kwa kuwa jina limesajiliwa, wataiondoa. Sauti yako, mama, kwa hiyo sisi hatuna la kufanya. Hiyo ni yako. Utawaandikia wewe."

Maneno hayo yalimkaa. Hiyo ni yako.

"Sasa niambie," akasema, "tukitaka jina, mnataka nini?"

Masharti hayakuwa mengi. Maandishi ya leseni yarudishwe. Ndege asitumike kabisa, mwenye hedfoni wala asiye nazo. Kisakinishi kiseme waziwazi kwamba kimetengenezwa na jamii ya watumiaji wala si taasisi. Kinaweza kuzungumza kitakavyo, kwa sauti ya yeyote. Lakini kile kinachowekwa kwenye kompyuta kiwe Chiriku kama ilivyotoka, bila kuguswa.

"Na matamshi yetu?"

"Mkibaki nayo, tafuteni jina lenu. Mkitaka jina letu, yaleteni kwetu tuyapime, yakifaa yataingia kwa wote."

"Kwa muda gani?"

Mwanasheria alikuwa mkweli. "Polepole, mama. Wanaopima ni watu wa kujitolea."

Jambo hili ndilo lililomtesa. Masahihisho yale yalikuwa jasho la watu wengi. Fundi alipoambiwa alipandwa na mori, ukimya wake wote ukamtoka kwa mkupuo. "Turudi kwenye 'em-tu'? Shemeji, tumekesha na maneno haya! Tubadilishe jina. Iite hata Kijiko. Kizuri kitajulikana tu."

"Kwa nani?"

"Kwa watu!"

"Mtu mgeni, amepoteza macho mwaka huu," Bi Subiri alisema. "Ameambiwa hospitalini, tafuta Chiriku. Ataitafuta Kijiko? Hajui kama ipo. Ataandika Chiriku, na ataangukia kwenye kile kisakinishi bubu, au atamwangukia yule wa kamari. Mimi namfikiria huyo. Mwenye kusikia 'em-tu' ataudhika, lakini ataelewa."

"Na walioleta maneno?"

"Nitawaambia mwenyewe."

Aliwaambia. Wengine walimwelewa. Mmoja, aliyekuwa ameleta maneno mengi kuliko wote, alijitoa kwenye kikundi bila kuaga, na hilo lilimuuma Bi Subiri kuliko alivyokubali kusema. Alimpigia mara mbili, hakupokea.

Ruhusa ya maandishi ilikuja. Fundi akarudisha ukurasa wa leseni, akaondoa ndege, akabandua hata ile picha ya mlangoni kwake. Safari hii kila alichokigusa alimwita shemeji yake, akamweleza kilivyo, akasubiri aseme ndiyo. Ilichosha. Mdogo wake alilalamika kwamba sasa mumewe anaomba ruhusa hata ya kuhamisha kiti. Bi Subiri akarekodi maneno mapya mwanzoni: "Hiki ni kisakinishi cha jamii ya watumiaji. Si cha taasisi ya Chiriku. Taasisi inajua kwamba tunakigawa. Ukitaka kusikia leseni, bonyeza kile kitufe kirefu cha chini. Ni ndefu, lakini ni haki yako." Alirudia sehemu hiyo ya mwisho mara kadhaa mpaka ikatoka bila kejeli.

Kile cha kamari kiliondolewa. Mwalimu mstaafu alisafishiwa kompyuta na fundi kwa njia ya simu, mchana kutwa, na alipofika kwenye sauti ya Bi Subiri akamwomba fundi asubiri kwanza ili yeye apumue. Masahihisho yalipelekwa. Baada ya miezi mingi mengi yalikubaliwa. Machache yalikataliwa kwa sababu ambazo kikundi kinazibishia mpaka leo. Fomu ya taasisi ilikuwa imebadilishwa ndani ya wiki ile ile Bi Subiri alipopiga simu.

Karibu na mwisho wa mwaka, mkuu wa utawala alishuka mwenyewe mpaka chini ya ngazi. Alivuta kile kiti kilicholegea, akayumba, akakaa. Idara ilitaka kununua mashine ya kujibu simu siku za mapumziko, alisema, na wote walikubaliana kwamba sauti isiwe ya mgeni.

"Tunataka yako, Bi Subiri. Ni nusu saa tu ya kurekodi."

Simu iliita. Aliipokea, akaiunganisha, akarudi kwake.

"Itatumika wapi?"

"Hapa hapa."

"Matawi je? Mkitaka kuipeleka matawini, mtaniuliza? Mkitaka iseme maneno ambayo sikuyasema, kwa kuunganisha vipande, mtaniuliza? Nikistaafu, itaendelea kusema kwamba niko hapa?"

Mkuu alicheka kidogo. "Bi Subiri, ni sauti tu."

"Ndiyo. Basi niandikieni. Nitasoma, halafu nitawajibu."

Mkuu akasema atazungumza na mwanasheria wa idara, akapanda ngazi kwa hatua za mtu anayefikiri. Karatasi ilikuja baada ya siku kadhaa, kwa kompyuta, na Chiriku ikaisoma. Kuhusu matawi walikubali. Kuhusu kuunganisha vipande walikubali, baada ya kuvutana. Kuhusu kustaafu bado wanajadiliana, na siku za mapumziko simu za idara ya maji zinaita mpaka zinakatika.